Kabla Hujafunga Injini ya Hiace Kwenye Trekta

Mazungumzo yetu ya leo ni ya trekta, na wala si lile jipya linalong'aa kwenye maonyesho ya Nane Nane. Nazungumzia trekta kuukuu. Massey Ferguson 135, au Ford, au Valmet, lililopita mikononi mwa chama cha ushirika na watu wengine wawili watatu kabla yako, na sasa limesimama kando ya nyumba msimu wa pili kwa sababu injini imekufa. Matairi yapo. Gia zinaingia. Haidroliki ikipata mzunguko inanyanyua plau. Kilichokwisha ni injini peke yake.

Na ushauri umeshakufikia. Fundi amekwambia: "Mzee wangu, achana na hii Perkins, itakufilisi. Kuna injini ya Hiace inauzwa Kahama. Tunaifunga humu, na wiki ijayo unalima."

Niseme msimamo wangu mapema. Kufunga injini nyingine kwenye trekta la zamani ni kazi halali na inawezekana. Ila ni kazi ya vipimo kabla haijawa kazi ya spana. Tena wengi wanaoiingia wanatafuta kisichohitajika. Wanatafuta nguvu zaidi, wakati trekta lao linahitaji injini inayolingana nalo.

Kwanza niwatetee mafundi wetu, maana wapo wanaowadharau na kusema kubadilisha injini ni kuungaunga tu. Historia ya matrekta haisemi hivyo. Waingereza walipoanza kuuza Fordson Major mwaka 1945, lilikuwa na injini ya petroli na mafuta ya taa yenye nguvu farasi kama 27. Miaka mitatu baadaye Ford wenyewe wakaanza kuliuza trekta hilohilo likiwa na Perkins P6, injini ya dizeli ya silinda sita iliyotoka kiwanda cha watu wengine kabisa kule Peterborough, yenye nguvu farasi zipatazo 45. Ferguson dogo la kijivu, lililotengenezwa Coventry kuanzia 1946 hadi 1956, lilianza na injini ya Continental kutoka Marekani kwa sababu ile ya kampuni ya Standard ilikuwa haijawa tayari. Ikaja ya Standard ya petroli, ikaja ya mafuta ya taa, na mwaka 1951 ikaja ya dizeli. Matrekta zaidi ya 500,000 ya aina hiyo yalitoka kiwandani, na bado zikauzwa injini za Perkins P3 na vifaa vyake vyote kwa wakulima waliotaka kung'oa injini iliyokuja na trekta.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Massey Ferguson 35, baba wa hili 135 tunalolijua. Matrekta ya kwanza ya dizeli ya aina hiyo yalikuwa na injini ya Standard ya silinda nne, na wakulima wa nchi za baridi walilalamika mno kuwa asubuhi haiwaki. Mwaka 1959 Massey Ferguson wakainunua kampuni ya Perkins yenyewe, wakang'oa silinda nne, wakafunga silinda tatu. Gia boksi ileile, ekseli ileile, injini nyingine. Ukoo wa silinda tatu hizo ndio uliokuja kuingia kwenye 135, trekta lililotengenezwa Uingereza tangu katikati ya miaka ya 60 hadi 1975 na likaenea Afrika Mashariki yote.

Kwa hiyo fundi anayewaza kubadilisha injini hafanyi maajabu. Tofauti yake na kiwanda ni kwamba kiwanda kilibadilisha injini pamoja na kila kitu kilichoishika injini. Na hapo, msikilizaji, ndipo penye kazi.

Tazama lori la Fuso linalopita hapa kwetu Ngara kwenda Rwanda au Burundi. Lina chesisi, yaani mabimu mawili marefu ya chuma, na injini imekalishwa juu yake kwa mipira. Ukiing'oa injini, lori linabaki limesimama kwa miguu yake. Sasa nenda kwenye Massey yako. Ukiing'oa injini, trekta linakatika vipande viwili. Ekseli ya mbele na rejeta vinakwenda upande wao, na gia boksi na matairi makubwa upande wao. Chesisi hakuna. Bloku ya injini, na lile sampu zito la chuma cha kusubu chini yake, ndivyo vinavyoshikanisha mbele na nyuma. Injini ya trekta la namna hiyo ndiyo uti wa mgongo wake. Plau ikigonga kisiki, mshtuko unapita ndani ya injini. Tairi la mbele likitumbukia shimoni, bloku ndiyo inayozuia trekta lisipinde katikati.

Injini ya Hiace haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Sampu yake ni bati jembamba la kuhifadhia oili tu. Bloku yake imekusudiwa kuning'inia kwenye mipira na kuzungusha shafti, si kubeba ekseli ya trekta kwenye matuta. Ukiifunga moja kwa moja, bolti kwa bolti, mbele na nyuma, itawaka vizuri na itatembea vizuri. Huenda italima ekari kadhaa, na majirani watakuja kukupongeza. Kisha oili itaanza kuvuja kwenye gasketi, bolti zitaanza kulegea, na siku moja utasikia mlio mmoja wa chuma. Bloku imepasuka.

Anayeifanya kazi hii ipasavyo anaanza kwa kulitengenezea trekta chesisi. Anachukua chaneli mbili nene, anazilaza kushoto na kulia kuanzia kwenye kishikizo cha ekseli ya mbele mpaka kwenye ubavu wa gia boksi, na anazifunga kwa bolti kwenye matundu yaliyokuwapo tangu kiwandani. Hachomelei kwenye chuma cha kusubu, maana chuma hicho kikichomelewa ovyo hupasuka pembeni mwa mshono. Chaneli zikishabeba uzito wote, injini ya gari inakaa katikati juu ya mipira yake, kama ilivyozoea. Hapo tu ndipo ninapoweza kukubali neno Hiace kutajwa karibu na trekta.

Baada ya chesisi inakuja bamba la kuunganishia injini na gia boksi. Watu wengi huliona jambo dogo. Wanakata bamba, wanatoboa matundu, wanafunga. Lakini shafti inayoingia gia boksi lazima iwe katikati kabisa ya flaiwili, na ncha yake ikae kwenye beringi ndogo iliyo katikati ya kranki. Hata nusu milimita ya kukosea ni nyingi. Trekta litatembea, ila klachi itatetemeka, sili itavuja, na beringi ya mbele ya gia boksi italia na kufa, kisha utamlaumu aliyekuuzia klachi. Bamba hilo likachongwe kwenye mashine ya kuchongea vyuma na mtu anayejua kuitumia. Kabla ya kukaza mara ya mwisho, mzunguko upimwe kwa saa ya kupimia. Macho hayatoshi.

Sasa nije kwenye mwendo wa injini, na hapa naomba utulivu wako, maana ndipo pesa nyingi zinapopotea.

Muuza injini atakwambia: "Hii Perkins yako ina nguvu farasi 45 tu. Hii ya Hiace, Toyota 2L, ina zaidi ya 80." Ni kweli. Lakini muulize anazipata wapi. Toyota inazipata ikizunguka mara 4,000 na zaidi kwa dakika. Ile Perkins ya silinda tatu inatoa zake ikiwa kwenye mizunguko 2,000 na kitu. Ukilinganisha nguvu ya kusokota shafti, ile inayovuta plau hasa, injini hizo mbili zinakaribiana sana. Perkins inafika kileleni kwenye mizunguko kama 1,300, inanguruma polepole. Toyota inafika karibu na 2,400. Yaani ukiikanyaga Toyota taratibu kama ulivyozoea, plau ikizama inazima. Ukitaka isizime, lazima uizungushe haraka, na gia za trekta hazikupangwa kwa mzunguko huo.

Fikiria ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine ya kupukuchua mahindi au pampu ya maji. Kipimo chake cha kawaida ni mizunguko 540 kwa dakika, na kwenye Massey 135 unakipata injini ikiwa karibu 1,700. Ukifunga injini ya gari kwenye gia boksi ileile kisha dereva akaikanyaga mpaka 4,000, shafti ya nyuma itazunguka zaidi ya mara 1,200. Mashine iliyotengenezwa kwa 540 haitavumilia. Vyuma vitaruka, na aliyesimama karibu na mashine ya kupukuchua mara nyingi ni mama mwenye mtoto mgongoni.

Hapo ndipo umuhimu wa gavana unapoonekana. Trekta lina mkono wa mafuta. Unauweka mahali pamoja, na pampu yenyewe inaongeza dizeli udongo ukiwa mzito na kuipunguza udongo ukiwa mwepesi, ili mzunguko ubaki uleule. Gari hutegemea mguu wa dereva. Ipo injini ya gari yenye pampu inayoweza kushika mzunguko mmoja, na ipo ambayo pampu yake inadhibiti sailensi na mwisho wa juu tu, huku katikati ikimwachia dereva. Ukifunga ya aina ya pili, plau ikitoka ardhini mwisho wa shamba injini inapaa, ikizama injini inazimika, na dereva anachoka kabla ya saa nne asubuhi. Basi mwulize fundi wa pampu, si muuza injini: pampu hii inaweza kushika mzunguko mmoja chini ya mzigo? Na je, inaweza kufungwa isivuke kiwango ninachokitaka? Kama jibu ni hapana, tafuta pampu nyingine au iache injini hiyo dukani.

Kuna mtu atasema: basi si ndiyo vizuri kupata injini kubwa zaidi, ya lori, yenye nguvu kuliko zote? Hapana. Gia za 135, klachi yake na difu yake vilikokotolewa kwa injini yake. Ukiongeza nguvu mara mbili, nguvu hiyo lazima ipite mahali, na itapita kwenye meno ya gia. Injini kubwa kwenye mwili mdogo hula difu. Tena ni nzito, inakandamiza ekseli ya mbele na usukani unakuwa wa kupigana nao. Na nyepesi mno nayo ni hatari ya upande wa pili, kama ile ya power tiller ya silinda moja ambayo wengine hupenda kuijaribu. Mbele panakuwa pepesi, na sisi tunaishi milimani.

Naomba nikae kidogo kwenye hili la milima. Ngara si Kongwa, si tambarare. Mtu anatoka bondeni na tela la ndizi au matofali, anapanda. Mzigo unavuta nyuma, matairi ya nyuma yameshika, injini ina nguvu kuliko zamani, na mbele pamekuwa pepesi. Trekta linanyanyua pua. Kutoka hapo mpaka limgeukie dereva na kumlalia ni chini ya sekunde mbili, na hakuna mtu anayewahi kuruka kwa muda huo. Mengi ya matrekta haya ya zamani hayana fremu ya kumkinga dereva. Kwa hiyo ukibadilisha injini, pima uzito wa iliyotoka na wa iliyoingia. Kama iliyoingia ni nyepesi, funga vyuma vya uzito mbele ili kufidia. Tela lifungwe chini, kwenye ndoano yake, lisifungwe juu kwenye haidroliki. Na mtu yeyote asipande kwenye madigadi, awe mtoto wa mwenye trekta au mgeni rasmi.

Jambo jingine la milima ni hewa. Sehemu kubwa ya Ngara iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Kwa hiyo Perkins yako haikupata kamwe huku zile 45 zilizoandikwa kwenye kitabu. Watu huliona hilo kama uchovu wa injini, wanafungua skrubu ya pampu ili iongeze dizeli, moshi mweusi unatoka, na kichwa kinapasuka kwa joto. Hewa ikipungua, dizeli haina cha kuungua nacho. Iache pampu mahali pake.

Sasa swali ambalo fundi wako hakukuuliza: injini yako ilikufa kwa nini? Kama iliua pistoni kwa sababu rejeta imeziba, injini mpya itakaa mbele ya rejeta hiyohiyo na kufa kifo hichohicho. Kama ilikula vumbi kwa sababu kichujio cha hewa, kile cha kuweka oili chini, kilikaa miaka bila kusafishwa, injini ya Hiace yenye kichujio cha karatasi itakula vumbi hilo haraka zaidi. Gari hutembea mbele ya vumbi lake. Trekta linalolima Agosti linakaa ndani ya vumbi siku nzima. Kama nozeli ziliharibika kwa dizeli ya madumu iliyochanganyika na maji, dumu lako bado lipo palepale.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza, kabla ya kununua injini yoyote, ni kuifungua ile iliyokufa na kuitazama. Perkins ya silinda tatu ni kati ya injini zilizonakiliwa na kutengenezwa kwa leseni mahali pengi. Simpson waliitengeneza India, na TAFE wa Chennai wakaifunga kwenye matrekta yao. Millat wa Lahore, Pakistani, waliendelea kutengeneza Massey 240 yenye injini ya ukoo huohuo miaka mingi baada ya Coventry kuacha. Wayugoslavia waliifunga kwenye IMT, Wapolandi kwenye baadhi ya Ursus. Maana yake kwako ni kwamba laina, pistoni, ringi, beringi na gasketi za injini hiyo bado zinapatikana, na nyingi si ghali. Kama kranki haijakatika na bloku haijapasuka, kuifanyia ovaholi mara nyingi kutakugharimu kidogo kuliko injini ya gari ukijumlisha chaneli, bamba, klachi, rejeta, mabomba na siku za fundi. Na kama bloku imepasuka kweli, "injini nyingine" iliyo bora kwako ni binamu wa ile iliyokufa: Simpson, au ya Millat, au Perkins iliyotolewa kwenye trekta jingine la ukoo huo. Linganisha matundu ya bolti mbele na nyuma, linganisha sampu, linganisha flaiwili. Vikilingana, uti wa mgongo unabaki wa chuma cha kusubu na gavana anabaki wa trekta.

Nawaonea uchungu zaidi wenye Valmet. Miaka ya 1980 nchi yetu iliunganisha matrekta hayo Kibaha kwa ushirikiano na Wafini, na yalikuwa matrekta imara. Kisha mpango ukafifia na spea zikaadimika. Mkulima akabaki na mashine nzuri isiyo na ndugu. Baadaye, tangazo la Kilimo Kwanza lilipotolewa 2009, wakaja Farmtrac na New Holland kutoka India kupitia SUMA JKT, pamoja na power tiller nyingi. Kisha Ursus ya Poland, nayo ikaunganishwa Kibaha. Kila awamu na rangi yake ya trekta, na kila rangi ilipopita spea zake nazo zikawa ngumu kupatikana. Mafundi wetu wanabadilisha injini kwa sababu hiyo, si kwa utundu. Kosa halikuwa la mkulima.

Na somo hili lilikuwapo hapahapa nchini tangu zamani. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza ule mradi mkubwa wa karanga, Kongwa, baadaye Urambo na Nachingwea. Vita vilikuwa vimetoka kwisha, matrekta mapya hayakutosha, wakanunua mitambo chakavu ya jeshi kutoka pande mbalimbali za dunia. Kampuni ya Vickers-Armstrongs ikachukua hata vifaru vya Sherman, ikaving'oa mizinga na vyuma vya kujikinga, ikavigeuza matrekta yaliyoitwa Shervick. Ubunifu haukukosekana, wala fedha. Lakini karakana zilikuwa haba, spea za mitambo ya aina nyingi namna ile hazikuwapo, na mafundi waliofunzwa walikuwa wachache. Haukupita mwaka kabla sehemu kubwa ya mitambo haijalala porini ikisubiri spea. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, baada ya kumeza makumi ya mamilioni ya pauni. Udongo na mvua vilichangia sana, sikatai. Ila trekta lisilo na karakana lilianguka Kongwa mbele ya macho ya dunia nzima, na tungali tunawauzia wakulima matrekta bila kuwaambia karakana iko wapi.

Sisi wa upande huu hatuna udhuru wa kusema ufundi wa dizeli ni mgeni kwetu. Benaco ilikuwa kambi ya kampuni ya Kitaliano ya ujenzi wa barabara kabla dunia haijaisikia mwaka 1994, pale wakimbizi wa Rwanda robo milioni walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi. Lukole ilibeba wakimbizi wa Burundi mpaka ilipofungwa mwaka 2008, na miaka yote hiyo malori ya chakula yalikwaruza barabara zetu. Leo malori ya mizigo yanapita Nyakanazi na Lusahunga usiku na mchana. Vijana wanaojua kufungua injini wapo. Wasichonacho ni michoro na vipimo.

Hapo nina ombi, na naliomba kwa dhati. Pale Arusha kuna CAMARTEC, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1981 ikarithi kazi ya kupima mashine za kilimo, na kuna TEMDO, yenye kazi ya kubuni mitambo. Kuna vyuo vya VETA. Wachukue injini tatu nne ambazo mafundi wanazifunga kwa wingi kwenye matrekta, wazifunge wao wenyewe, wazipime kwa plau na kwa tela kwenye mlima. Kisha watoe mchoro wa bamba la kuunganishia na wa chesisi, wenye vipimo vya milimita, kwa Kiswahili, bure. Fundi wa Nyakahura akiwa na mchoro huo hatakata bamba kwa kukisia. Na ile injini isiyofaa waitaje kuwa haifai, ili mkulima asiuze ng'ombe wawili kuinunua.

Neno dogo kuhusu karatasi. Kadi ya trekta ina namba ya injini na namba ya chesisi. Ukibadilisha injini, namba haitalingana tena na iliyo kwenye kadi, na siku utakayokamatwa barabarani na tela au utakapotaka kuuza, utaonekana mwizi. Dai risiti na kadi ya gari ilikotoka injini, uende ofisi ya TRA ukarekebishe taarifa kabla hujaingia barabara kuu.

Na kwa fundi anayenisikia: andika. Ukishamaliza trekta moja, andika unene wa bamba, umbali wa matundu, idadi ya meno ya shafti ya klachi, uzito uliouongeza mbele, na mzunguko wa mwisho uliouwekea pampu. Mpe mwenye trekta nakala moja, nyingine ibaki gereji. Fundi atakayelifungua trekta hilo miaka kumi ijayo atakuhitaji, hata kama umeshahama.

Mvua zetu huanza Septemba kuingia Oktoba. Anayelileta trekta gereji mvua zimeshaanza atataka lifungwe kwa siku mbili, na fundi aliyeharakishwa hapimi. Kwa hiyo, mzee wangu na mama yangu mwenye trekta lililosimama, lifungue sasa hivi, wakati wa kiangazi. Tazama injini ilikufa kwa nini, uliza bei ya laina na pistoni zake Mwanza au Kahama, na uilinganishe na gharama yote ya ile ya Hiace. Ukishapata hesabu hizo mbili kwenye karatasi moja, ndipo umwite fundi.